Vyungu vya Majirani

Sikudhani mwanangu,

Si unga uliokuponya. Nimeliandika hili mwanzo kabisa, kabla woga haujanikumbuka, kwa maana hakuna mtu niliyemwambia: si Bibi yako, si padri, wala jirani yetu Mama Lukia ambaye alistahili kulisikia kabla ya wote. Kila mtu hapa anaamini kwamba ulipolazwa hospitali mwaka juzi, kilichokurudisha ni lile kopo la unga wa kijani. Mjomba wako Feliksi anaamini kuliko wote. Kesho asubuhi anakupeleka Masasi ukakae kwake na kusoma huko, na ndani ya begi lako, chini ya sare za shule, ameshapanga makopo mengine. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuamini unga ule. Nimebakiwa na jioni hii tu ya kumwambia ukweli, na mimi, kama unavyonijua, hata dukani nikipewa chenji pungufu huwa naondoka kimya.

Jua bado halijazama. Nimekaa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, na nje nakusikia wewe na Lukia mkibishana nani amekosea kuruka kamba. Nikimaliza mistari miwili nasimama, nafunika sufuria ambayo imeshafunikwa, nakaa tena. Mwandiko ukiyumba usinicheke.

Sitakuandikia habari za kupiga mswaki, wala kusalimia wakubwa, wala kufua soksi. Hayo Bibi ameanza kukuambia tangu juzi na ataendelea mpaka basi liondoke, na likishaondoka ataendelea kuliambia vumbi. Mimi nataka kukuambia nilipokosea, kwa kuwa hapo ndipo ninapopajua vizuri.

Unajua kwamba aliyekuzaa ni dada yangu Paulina, na kwamba alifariki wewe ukiwa bado unatambaa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Bibi alikufunga mgongoni mwangu kwa khanga ya marehemu akasema, "Huyu ni wako sasa. Ukicheza, cheza naye." Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, hakuna jina jingine la kumpunguza. Lakini wanawake wengine wanapata muda wa kuzoea mdogo mdogo. Mimi nilipewa wewe ukiwa tayari una meno manne, na ukaning'ata siku hiyohiyo.

Mchana wa leo ulikuwapo, ila ulikuwa unakimbizana na kuku. Mjomba alikaa barazani, sisi tukimalizia kula.

"Kwangu hatazurura," alisema. "Geti linafungwa. Asubuhi uji na kijiko cha unga, jioni kijiko cha unga. Mkija kumtembelea mtauliza huyu ni mtoto wa nani."

Bibi akauliza, "Na mboga?"

"Mama, mboga ipo. Lakini ule unga ndio mboga zote, zimekusanyika. Si ndivyo, Ester? Mwambie mama."

Nikasema, "Kaka, mtoto amezoea kula na wenzake."

"Wenzake gani? Hawa wenye makamasi mpaka kidevuni?" Akacheka, na Bibi naye akacheka, kwa sababu kweli Lukia alikuwa amesimama palepale na makamasi yake, anasikiliza. "Wewe ndiye profesa wa mambo haya. Mimi dukani watu wakiniuliza nawaambia, nendeni Newala mkamwulize dada yangu, ana fomu foo, kamponya mtoto kwa mkono wake."

Nikaokota vyombo nikaenda kuviosha. Sahani ya Bibi ilikuwa bado na chakula. Akaniita, "Wewe! Unaniosha na mimi?"

Basi ndivyo nilivyosema ukweli mchana. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana ulikuwa na miaka saba tu, na hadithi uliyosikia kwa wakubwa mimi ndiye niliyeitunga kwa kukaa kimya.

Kabla hujaugua ulikuwa mtoto wa vyungu vya watu. Hapa juu uwandani maji ni shida, hilo unalijua kwa shingo yako mwenyewe. Bomba likikauka tunashuka bondeni, na ndoo ukipanda nayo unaona kama umembeba mgonjwa. Kunde zinakunywa maji. Mbaazi zinakunywa maji na kuni. Hakuna nyumba inayoweza kupika kila kitu kila siku. Kwa hiyo watu, bila kukaa kikao, walishagawana zamani: leo huyu anachemsha kunde, yule anatwanga kisamvu, mwingine ana ming'oko aliyochimba porini, mwingine amepata dagaa mnadani. Mabakuli yanavuka ua. Na bakuli la mtu halirudi tupu. Kama huna kitu unaweka ndimu mbili, au hata chumvi iliyofungwa kwenye jani.

Ninyi watoto hamkusubiri bakuli. Mlifuata moshi. Ulikula ugali wa mtama huku, ukatafuna bibo njiani, ukakaa kwenye sinia la watoto kwa Mama Lukia ukachovya mchuzi wa nazi, kisha ukarudi nyumbani kumkuta Bibi amebanika panya wake wa shambani, ukadai paja. Mama Lukia ni Mwislamu, panya hamgusi, na kila Bibi alipobanika yeye alipiga kelele toka kwake:

"Mama Feliksi! Huyo mgeni wako mwenye mkia mrefu, leo usimtume kwangu kunisalimia!"

"Anakuulizia, Mama Lukia! Anasema mbona humpendi!"

Mimi niliyasikia haya nikaona aibu. Nilikuwa kidato cha pili, sekondari ya kutwa, na darasani tulikuwa na msichana aitwaye Jenifa, ambaye baba yake alihamishiwa hapa kikazi. Jenifa hakuwa mbaya, alikuwa na sauti tu. Siku moja wakati wa mapumziko akasema mbele ya wote, "Ester, hivi yule mtoto wenu hana kwao? Jana nimemwona anakula kwa watu watatu. Kama kuku wa kienyeji." Wakacheka. Mwingine akaongeza habari ya panya. Sikujibu. Mtu mwenye haya hajibu. Anakwenda nyumbani na kumjibu asiyehusika. Nilikwenda nyumbani nikakujibu wewe.

Wakati huohuo ndipo unga ulipofika. Unakumbuka, au labda hukumbuki, hali ilivyobadilika tangu biashara iwe huria. Wanunuzi wa korosho walianza kuja na magari yao na mizani yao, wakishindana kwa bei na kwa honi. Zamani korosho zilizovunjika zilitwangwa zikatiwa kwenye kisamvu, kikawa kizito kama maziwa. Sasa zote zikaingia kwenye gunia, mpaka zile mnazookota ninyi watoto chini ya miti. Fedha ilionekana, siwezi kusema haikuonekana. Na maduka yakajaa: siagi ya kopo, mkate ndani ya nailoni, sabuni zenye harufu ya maua tusiyoyajua. Mjomba wako aliacha ukarani kwenye chama cha ushirika akafungua duka Masasi, na kila akija kwetu alikuja na kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Safari hiyo alikuja na kopo lenye kifuniko cha kijani. Ndani ni majani ya mlonge yaliyokaushwa na kusagwa. Nje iliandikwa kwamba kijiko kimoja kina faida ya maziwa, mayai, machungwa, karoti na nyama, vyote kwa pamoja.

Nilisoma maandishi yale kama mtu aliyepewa majibu ya mtihani. Bibi alikuwa amehamia kwenye kibanda cha shamba la mbali kufukuza nguruwe pori, mimi na wewe tulibaki peke yetu, nina masomo, bomba limekauka. Unga ule ulitaka kikombe kimoja cha maji. Haukutaka kuni za kunde. Haukutaka kinu. Na jambo ambalo sikulijua wakati ule, ila nimelijua sasa: haukutaka nimsalimie mtu yeyote. Vyakula vingi vinahitaji watu wengi, mwanangu. Lazima uvuke ua, useme hodi, usimame mlangoni kwa mtu na bakuli mkononi huku hujui mikono mingine uipeleke wapi. Mimi nilitaka kitu kimoja, kikae kabatini, nikitumie mlango ukiwa umefungwa.

Basi nikakukataza kutoka. Asubuhi uji wa sembe nyeupe na kijiko cha unga. Ukirudi shule, ugali wa sembe na chai, na kijiko cha unga. Nilikuwa naona ni chakula cha watu waliosoma. Siku ya kwanza ulitoroka ukarudi mdomo unang'aa mafuta ya nazi, nikakufuta kwa nguvu mpaka ukalia. Jioni hiyo Mama Lukia alikuja na bakuli.

"Ester mwanangu, shika. Kunde."

"Shikamoo, Mama Lukia. Ahsante, tumeshakula."

"Marahaba. Mmekula nini? Mbona moshi sijauona?"

"Mtoto ana chakula chake maalumu."

Aliniangalia, akaangalia bakuli lake kama vile ndilo lililotukanwa. "Haya," akasema. "Maalumu." Akageuka. Palikuwa na bakuli lake jingine kwetu tangu wiki iliyopita. Nililiosha nikampelekea kesho yake, nikaliweka mlangoni bila kubisha hodi. Tupu. Baada ya hapo hakuna bakuli lililovuka ua kuja kwetu, na ninataka uelewe kwamba hakuna aliyekasirika wala kusema kitu. Lilikoma tu, kama redio iliyokwisha betri.

Ulinywa unga wako kwa utiifu ambao ukinijia akilini nashindwa kukaa. Nimesimama tena sasa hivi. Nimetazama nje: mmeacha kamba, mnamsuka nywele mwanasesere wa gunzi la mahindi. Sawa. Naendelea.

Kilichokuja hakikuja kwa siku moja, ndiyo maana sikukiona. Ulianza kuchoka. Pembe za mdomo zikapasuka. Nywele zako zikawa nyepesi, zikageuka rangi kama nyuzi za hindi bichi. Mimi nikaongeza kijiko. Ukawa hukimbii, ukikaa unakaa. Nikaongeza tena. Siku niliyokubonyeza mguu na kidole kikaacha shimo, nilijiambia umekaa sana juani. Kisha homa ya malaria ikaja, homa ambayo watoto wote wa mtaa waliipata mwezi ule wakapona kwa vidonge, ikakukuta wewe huna akiba yoyote mwilini. Nilimtumia Bibi ujumbe shambani, tukakubeba tukashuka nawe mpaka hospitali ya misheni, bondeni.

Wakakupa dawa na maziwa yao, kidogo kidogo, usiku na mchana. Bibi ilibidi arudi kwa nguruwe wake, nikabaki mimi kukuuguza. Nje ya wodi kulikuwa na banda ambalo wauguzaji wanapikia, mafiga yamepangwa, wanawake toka kila upande: wa Tandahimba, wa Chiwata, wa Masasi. Mimi nilikaa pembeni nakoroga kikombe changu. Mama mmoja wa Chiwata, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliyevunjika mguu, akanitazama kwa muda.

"We binti, mbona unamkorogea mtoto rangi?"

Banda zima likacheka. Nikasema, "Ni unga wa lishe, mama."

"Haya, rangi ya lishe. Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo."

"Lete sahani."

Nikasema hatuna sahani. Uongo, tulikuwa nayo. Akasema, "Basi lete kiganja." Wakacheka tena, na mimi kwa kuogopa kukataa mbele ya watu wengi kuliko nilivyoogopa kupokea, nikaleta sahani. Manesi walikuwa wameshasema unaweza kuanza kula laini. Yule mama akaweka kunde kidogo alizoziponda. Jirani yake akaweka dagaa. Mwingine kisamvu. Kesho yake sahani yetu haikusubiri kuitwa, waliichukua wenyewe ikazunguka: yai la kuchemsha nusu, kiazi, papai. Mimi nilipewa kazi ya kupepeta mchele wa watu na kuchochea moto, na sikumbuki siku nyingine niliyoongea maneno mengi kama pale. Unga niliendelea kukupa pia. Kopo lilikaa juu ya meza ndogo kando ya kitanda chako.

Wiki ile haikupita hivihivi. Asubuhi moja ulijiinua kwa kiwiko, ukamwambia yule mama wa Chiwata, "Bibi, na hicho cha kwenye chungu kidogo ni nini?" Nikajua utaishi. Mwanangu ameanza kudoea tena.

Halafu Mjomba akafika toka Masasi. Akakukuta umekaa, unacheka, na kopo liko mezani. Akalinyanyua juu kama kombe la mpira. "Nilisema! Si nilisema? Unga huu!" Akawaonyesha manesi, akawaonyesha wagonjwa. "Ester, ni huu?" Yule mama wa Chiwata alikuwa amesimama palepale na sufuria yake mkononi, anakwangua ukoko. Alisubiri niseme mimi.

Nikasema, "Ndiyo, kaka."

Hilo ndilo neno ninalolibeba. Wala halikuwa na faida kwangu. Lilikuwa jepesi tu kuliko maneno mengine.

Yaliyofuata uliyasikia mwenyewe. Tuliporudi, watu walisema uliharibika kwa kula ovyo kwenye nyumba za watu, na kwamba mimi nilikuokoa kwa elimu. Walisema hivyo uani, na ua wetu hauna ukuta, na Mama Lukia ana masikio. Tangu siku ile anakuita ukacheze na Lukia lakini sinia likitoka anakuambia, "Haya mama, kwenu wanakusubiri." Mimi nilikuruhusu kimyakimya kula popote, yeye ndiye aliyeogopa. Kwa Mama Lukia bado sijakwenda. Nitakwenda kesho, basi likishaondoka, na sitaliweka bakuli mlangoni.

Sasa usije ukafikiri nimeugeuza unga kuwa sumu. Hili nalo lingekuwa kosa lilelile, kutafuta kimoja cha kulaumu baada ya kutafuta kimoja cha kuabudu. Mlonge ni mboga. Bibi akichanganya na karanga unalamba kidole. Hata walioandika kwenye kopo labda hawakusema uongo kuhusu kijiko chao, hilo mimi siwezi kulipima. Lakini umewahi kuona watu wakihamisha paa la kibanda: wanaingia chini kila upande, warefu na wafupi, hata mlevi anawekwa pembeni ashike kidogo. Ukimwita mmoja tu, hata akiwa na nguvu kuliko wote wilayani, paa litamlalia. Mimi nilimweka mlonge chini ya paa peke yake, nikamlaumu kwa kutokusimama, nikamwongezea kijiko.

Na hayo si ya chakula peke yake. Utakutana na watu watakaokuambia kuna somo moja, dawa moja, rafiki mmoja, mtu mmoja, ukimpata huyo basi mengine yote huhitaji. Wataongea vizuri, na wewe utakuwa umechoka siku hiyo. Mimi nilikuwa nimechoka.

Nimenyanyuka nikamwendee Mjomba.

Nimerudi. Nilimkuta barazani anahangaika na redio, ametoa betri anaziuma ili zipate nguvu. Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo. Nimempelekea chai. Hayo ndiyo niliyoyafanya.

Ngoja kwanza nipumue.

Sasa nimekwenda mara ya pili. Wewe ulikuwa unaogeshwa na Bibi, nilisikia ukilalamika sabuni inaingia machoni, nikajua nina muda wa sabuni hiyo tu.

"Kaka."

"Naam. Chai haina sukari hii."

"Ule unga haukumponya Sikudhani."

Aliendelea kuzungusha kitufe cha redio. "Unasemaje?"

"Haukumponya. Aliugua akiwa anaunywa. Ndicho kilikuwa chakula chake, nilimfungia ndani nikampa huo na sembe. Mimi ndiye niliyemfanya aumwe."

Akaizima redio. Hapo nikatamani aiwashe tena.

"Sasa alipona kwa nini?"

"Dawa. Maziwa ya hospitali. Kunde. Dagaa. Kisamvu. Yai la yule mama wa Chiwata. Sijui ni kipi."

"Kwa hiyo mteja akija nimwambie, nunua sijui-ni-kipi?"

Nilicheka, sikutegemea. Yeye hakucheka.

"Miaka miwili nakutangaza, Ester. Mpaka kanisani."

"Najua."

"Si ungeniambia."

"Niliogopa."

"Mimi? Mimi wa kuogopwa?" Akageuka kunitazama kwa mshangao kabisa, kama mtu aliyeambiwa ana pembe. Kisha akauliza, polepole, "Unga ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni mboga. Ila hakuna mboga inayotosha peke yake."

Akaingia ndani. Nilisikia zipu ya begi lako. Akatoka na makopo kifuani, akayapanga barazani, akafikiri, akalirudisha moja. "Hili la kutia kwenye mboga," akasema, si kwa ukali. "Mke wangu nitamwambia apike kunde, apike na dagaa. Anashinda dukani kama mimi, lakini nitamwambia."

Nikajipa moyo. "Na geti, kaka?"

"Geti hapana." Hapo akawa mkali. "Barabara ile ina malori ya korosho usiku na mchana. Huyu wa kwenu amezoea kufuata moshi. Akifuata moshi Masasi nitamwambia nini mama? Geti hapana, Ester. Usiniombe hilo."

Nami sikuomba, kwa sababu malori ni kweli yapo. Geti lake la barabarani usilifungue, na hili si maagizo ya kila siku, ni kiapo. Anakupenda. Anakupenda kama mtu mwenye duka, anataka kukupa kilicho kwenye rafu ya juu. Mpokelee.

Lakini siwezi kulala nikijua utakula chungu kimoja, kikipikwa na mtu aliyechoka, ndani ya ukuta. Kwa hiyo soma hapa taratibu, fuata kwa kidole.

Mwaka jana nilipokwenda kwa Mjomba likizo, nilikuwa naona haya kuomba kuongezewa chakula. Wao wanapakua mara moja, sahani ya kila mtu peke yake, wanadhani umeshiba. Nyuma ya jiko lao, upande usio na barabara, kuna kimlango cha kupitishia takataka. Ukikisukuma unatokea kwenye ua wa Mama Zena, mama wa Kiyao mwenye kovu kwenye nyusi na watoto wengi wasiohesabika. Wanakulia chini, sinia moja. Siku ya tatu njaa ilizidi aibu. Nilisukuma kile kimlango, nikasema shikamoo, nikashindwa kusema lingine. Akasema, "Marahaba, kaa, kisamvu kinapoa." Hakuniuliza mimi ni nani mpaka nilipomaliza. Nilirudi kila jioni.

Nenda kwake. Mwambie wewe ni mtoto wa Ester yule asiyesema. Nawa, kaa chini, usichague nyama, kula cha mbele yako. Na kwa mjomba wakipika kitu, chukua kidogo upeleke, hata kama ni ndimu. Mjomba hakijui hicho kimlango kinakofika, naye ni mtu wa kufunga milango akiijua. Akikuona umeshiba kabla ya chakula, mwambie umekunywa maji mengi. Usimwambie yeye, wala mke wake, wala Bibi ukija likizo. Kijue wewe na mimi na Mama Zena tu.

Mama yako mdogo,
Ester